Mchuzi wa Meneja

Meneja aliporudi kutoka semina ya ng'ambo, mkewe alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba analetewa viatu. Kilichoshushwa mlangoni kilikuwa sufuria la chuma. Viatu vilibaki dukani, na suti mbili za Meneja mwenyewe zilibaki hotelini, ili mzigo usizidi uzito unaoruhusiwa kwenye ndege. Sufuria lilikuwa jeusi tii, lina miguu mitatu mifupi na mfuniko mzito wenye ukingo, na mtu aliyetaka kulinyanyua peke yake ilimbidi kwanza amkumbuke Mungu wake. Mke alilitazama, akamtazama mumewe, akasema chuma kile hakitaingia jikoni mwake maadamu yeye yu hai. Basi likaingia ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa tawi la kampuni ya maji: jengo la ghorofa moja, ua mkubwa nyuma, pampu inayonguruma pembeni, na stoo ya mabati iliyojaa mabomba, koki na mita. Aliyelipokea sufuria alikuwa mtunza stoo, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole ambaye kila mtu alimwita Bwana Stoo, hata wale waliowahi kulijua jina lake. Alilipangusa vumbi, akalisifu. Alisema hajapata kuona chuma kilichotulia namna ile. Meneja alifurahi sana, maana kwake hakuambiwa hivyo.

Ila msimcheke Bwana Stoo mapema. Kila mtu hujikomba kwa sababu yake, na sababu yake yeye ilikuwa na meno mawili. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na huko ndiko alikojifungulia mtoto wao wa kwanza. Mtoto alikuwa ameshaota meno mawili na baba mtu alikuwa bado anamjua kwa simu. Kila walipozungumza, mama alimsogeza mtoto kwenye kioo na kumwambia huyu baba, huyu baba, mpaka mtoto akaelewa kama anavyoelewa mtoto: akiiona simu yoyote, hata ya jirani, hata iliyozimwa, huiita baba. Mke alikisimulia kisa hicho kama kichekesho. Bwana Stoo alicheka naye, akaaga, akaenda nyuma ya rundo la mabomba akalia.

Kampuni ilikuwa na tawi katika mji ule pia. Lilikuwa tawi bovu, ofisi mbili na paa linalovuja, na kwa kawaida watu walipelekwa huko wakishamkosea mkubwa. Bwana Stoo peke yake ndiye aliyeomba kwenda kwa hiari, jambo lililowafanya wenzake wadhani hayuko sawa. Makao makuu yalikuwa yamesema kwamba mwaka ule tawi la Meneja linaweza kumtoa mtu mmoja tu kwenda kule, na kwamba Meneja ndiye atakayemchagua. Ombi la Bwana Stoo lilikuwa mezani pake likisubiri sahihi. Kila alipoulizia, Meneja alisema tutaliangalia. Likaangaliwa mpaka karatasi ikabadilika rangi.

Na ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake. Meneja aliamini katika ushirikishwaji, neno alilolipata kwenye semina nyingine kabla ya hiyo. Kila jambo liliamuliwa kwa kunyoosha mikono. Ila kwanza Meneja alieleza yeye analionaje, kisha akauliza nani anaafiki, kisha akawatazama mmoja mmoja. Kwa njia hiyo waliwahi kuamua kwa kauli moja kwamba bomba la mtaa wa nyuma halivuji. Katibu muhtasi aliuandika uamuzi huo vizuri, na watu wa mtaa wa nyuma wakaendelea kwenda kazini na mabuti.

Ilipokaribia siku ya watumishi, Meneja alitangaza kwamba safari hii hakuna kukodi wapishi. Kiongozi wa kweli, alisema, huwahudumia walio chini yake. Atawapikia mwenyewe mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, nje, pale uani, kwa sufuria lile la chuma, kama alivyoonyeshwa semina. Nani anaafiki? Mikono yote ikapanda. Mama Hesabu aliuinua wake nusu, kama mtu anayejikuna kwapa.

Mama Hesabu ndiye aliyekuwa mhasibu, mwanamke mnene asiye na haraka wala simile, na ukuta wa chumba chake ulipakana na stoo. Alimpenda Bwana Stoo kama mdogo wake wa tumbo moja na alimsema kama mdogo wake wa tumbo moja. Picha zote za mtoto alizionyeshwa yeye kwanza. Yeye mwenyewe hakutaka kuhama hata kidogo. Alikuwa ametoka kuezeka nyumba, watoto wake walikuwa shule ya jirani, na mama mkwe mgonjwa alikuwa chumba cha mbele. Alichotaka ni kuacha kuitwa mikutanoni.

Mkutano ulipokwisha, Meneja alimshika Bwana Stoo bega mbele za watu. "Lile jambo lako nitalisaini siku hiyo hiyo," alimwambia. "Nikishaona watu wangu wameshiba."

Jioni ile Bwana Stoo alimpigia mkewe, akamwambia atafute chumba chenye nafasi ya kitanda kikubwa. Mke aliuliza kama ni hakika. Akamwambia imebaki kula tu.

Siku ilipofika, Meneja alitokea uani amevaa aproni mpya juu ya tai, na kofia ndefu nyeupe iliyomfanya aonekane anahatarisha maisha kila alipopita chini ya waya wa umeme. Kukata nyama, kumenya viazi na karoti, kutwanga vitunguu saumu na kupuliza moto vilifanywa na watu wengine. Meneja alipika kwa kunyoosha kidole. Mafundi wawili walilitoa sufuria stoo wameinamisha vichwa kwa uzito, na Dereva akavua kofia kama mtu anayepisha jeneza. Nyama iliingia na mifupa yake, vipande vikubwa kama ngumi, kwa sababu Meneja alisema vipande vidogo ni vya watu wasio na upeo. Fundi mmoja aliuliza kama haitakaangwa kwanza kidogo na vitunguu. Akaambiwa huo ni ushamba. Vikafuata viazi, karoti, nyanya, chumvi na maji, mfuniko ukashushwa kwa kishindo, na kunguru wote waliokuwa juu ya paa wakahama.

Kisha Meneja akaamuru makaa yapangwe juu ya mfuniko. Yote. Chini pasibaki hata kaa moja.

Hapa inafaa kueleza mambo yalivyokuwa kule semina. Siku ya onyesho la upishi Meneja alichelewa. Alikuwa nje anaongea na simu. Alipoingia, sufuria lilikuwa limeshatelekwa na makaa yanawaka juu ya mfuniko, na watu wanapiga makofi. Ya juu aliyaona. Ya chini hakuyaona, maana ingemlazimu kuinama, na Meneja si mtu wa kuinama.

Watu uani wakatazamana. Hapakuwa na mtu pale, kuanzia mfagizi mpaka mhandisi wa pampu, ambaye hakujua kwamba chungu huiva kwa moto ulio chini yake. Hilo si jambo la kusomea. Mtu hulijua tangu anapofukuzwa jikoni mara ya kwanza. Meneja aliziona nyuso, akaeleza. Moto wa juu, alisema, ndiyo siri ya chuma hiki. Joto lina uzito, hushuka. Watu wamezoea moto wa chini kwa sababu hawajawahi kukaa wakafikiri. Dereva aliuliza kwa heshima ile miguu mitatu basi ni ya nini. Ya kulinusuru sufuria na uchafu, alijibiwa. Nani anaafiki? Mikono ikapanda. Mhandisi, ambaye joto na mvuke ndivyo vilivyompa shahada, aliinua mkono wake huku akitazama mawingu.

Mama Hesabu alimvuta Bwana Stoo karibu na pampu, ambako mngurumo ungewaficha.

"Mwambie," alisema. "Wewe anakusikiliza."

"Mwambie wewe, dada."

"Mimi nikimwambia ataona namdharau. Wewe ukimwambia ataona unamsaidia."

"Nitamwambia kesho, akishasaini."

"Kesho tutakuwa tumeshaila."

Bwana Stoo hakuwa mjinga, na hilo ndilo la kuudhi. Mjinga angesamehewa. Aliona njia ya katikati, kama wanavyoiona wote wa namna yake. Meneja alipowapa mgongo ili aanze hotuba, yeye alichota makaa kidogo kwa koleo, akainama, akawa anayasukuma taratibu katikati ya ile miguu mitatu. Angemaliza, chakula kingeiva, Meneja angesifiwa kwa haki, na kila mtu angekwenda kwao salama. Lakini Meneja akageuka, akamuuliza anafanya nini pale.

"Naondoa yaliyodondoka, Mkuu," alisema Bwana Stoo. "Yasije yakakuharibia kazi."

Meneja akampongeza mbele ya wote. Akasema huo ndio umakini anaoutaka. Bwana Stoo akayazoa makaa ambayo yangemwokoa, akayapeleka kwenye mfereji akayamwaga, yakazimika kwa kelele.

Hotuba ilikuwa juu ya subira. Meneja alikataza mtu yeyote kugusa mfuniko, akasema tatizo la watumishi wengi ni kufunua mambo kabla ya wakati. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Makaa yaliongezwa, yakaongezwa tena. Mfuniko uliiva vizuri sana. Ingekuwa watu wanakula mfuniko, wangeshiba. Mara moja moja harufu ilitoka, harufu ya kiazi kilichoungua mgongo, na Katibu muhtasi akasema inamfungulia hamu ya kula. Mhandisi akasema hata yeye. Hakuna aliyetaka kuachwa nyuma, kwa hiyo kwa muda mfupi ua mzima ulikuwa unanusa hewa na kutikisa vichwa.

Mfuniko ulifunuliwa kwa spana ya mabomba. Jivu likateleza, nusu yake likaangukia ndani, na Meneja akasema hiyo ndiyo inayoleta ladha ya moshi. Juu kabisa karoti na viazi vilikuwa vimeungua. Chini yake kulikuwa na maji ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, na mafuta yameanza kuganda pembeni. Nyama ilikuwa imepauka kwa nje tu, kama mtu aliyepata habari mbaya.

Meneja mwenyewe hangekula. Daktari alikuwa amemkataza nyama nyekundu kwa sababu ya jongo, na kwenye mambo ya afya Meneja alikuwa mtiifu. Alipakua kwa upawa kwa mkono wake, na sahani ya kwanza akampa Bwana Stoo. Hakuondoka. Alisimama mbele yake, aproni nyeupe bila doa, na kalamu inachungulia kwenye mfuko wa shati. Bwana Stoo aliiona kalamu kabla hajaiona nyama.

Aling'ata. Jino liliingia kidogo likagoma. Damu, ya baridi kabisa, ilimtokea pembeni mwa ulimi. Watu wote walikuwa wanamtazama, sahani tupu mikononi, kwa sababu atakachosema yeye ndicho watakachosema wote.

"Haya, Bwana Stoo," alisema Meneja. "Nyama imeiva au haijaiva?"

Bwana Stoo alimfikiria mtoto anayeita simu baba. Ulimi hauna mfupa, na wake siku ile haukuwa hata na aibu.

"Imeiva, Mkuu," alisema. "Imelainika kiasi kwamba hata mtoto mwenye meno mawili angeila."

Baada ya hapo ilikuwa mbio. Mhandisi alisema hajala nyama kama ile tangu azaliwe, na huo ulikuwa ukweli. Katibu muhtasi aliomba aelezwe namna ya kupika ili akawafundishe wanawe. Mafundi walisifu midomo ikiwa imejaa, wakazunguka nyuma ya stoo, wakarudi midomo ikiwa mitupu na mifuko ya suruali imelowa. Dereva alizika cha kwake kwenye chungu cha maua. Mbwa wa mlinzi ndiye pekee aliyeufurahia mchuzi ule kwa moyo mmoja, na mpaka jioni alikuwa amelala chali, hana deni na mtu.

Bwana Stoo hakuwa na pa kwenda. Meneja alikuwa ameketi karibu naye, anahesabu matonge yake kwa macho ya mzazi. Kwa hiyo alimeza. Alimeza vipande vizima vizima kama vidonge, akishushia na mkate, na sahani ilipokwisha Meneja alimjazia nyingine bila kumuuliza.

Hapo ndipo Mama Hesabu aliponyanyuka. Alivuka ua pole pole, akaiweka sahani yake mbele ya Meneja, akakikata kipande katikati kwa kisu ili ndani paonekane.

"Meneja, hii nyama ni mbichi," alisema. "Kula watu watakula, lakini ujue ni mbichi."

Hakuipaza sauti. Meneja alikitazama kile kipande chekundu kwa muda, na pengine kama angekuwa peke yake angekiona. Lakini hakuwa peke yake. Alisema kwa upole kwamba wenzake wote wamesema imeiva. Mama Hesabu alimwambia awaulize tena, wakiwa na visu. Meneja akasema hapana haja ya visu mahali penye ushirikishwaji. Tuamue kwa utaratibu wetu. Yeye kwa maoni yake, na kwa mafunzo aliyoyapata, anaona imeiva. Nani anaafiki?

Mkono wa Bwana Stoo ulikuwa wa kwanza. Ulipofika juu alikutana macho na Mama Hesabu, akataka kuushusha, lakini mikono mingine ilikuwa imeshaufuata. Katibu muhtasi akaandika kwamba mkutano umepitisha kuwa nyama imeiva, mmoja akipinga. Mama Hesabu alichukua mkoba wake, akaingia ndani, akala mkate mkavu mezani kwake huku mlango ukiwa wazi. Meneja alimsindikiza kwa macho mpaka akaketi, kisha akamgeukia Bwana Stoo akamwekea sahani ya tatu.

Karatasi haikusainiwa siku ile. Meneja alisema jambo zito halisainiwi kwa mikono yenye mafuta, ingawa mikono yake haikuwa na mafuta yoyote.

Yaliyofuata mwishoni mwa juma hayafai kusimuliwa mbele ya watu wanaokula. Inatosha kusema kwamba Jumatatu nusu ya watumishi hawakuonekana, na waliofika waligawana zamu za choo kwa heshima na upendo ambao semina zote hazikuwahi kuuleta. Kila aliyeulizwa alisema ni hali ya hewa.

Bwana Stoo aliitwa kwa Meneja akiwa bado anatembea kwa uangalifu. Alikuwa amevaa shati alilofungia ndoa. Sufuria lilikuwa limewekwa juu ya kabati la mafaili, limepakwa mafuta, linang'aa. Meneja alimkaribisha kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamwambia arudishe mlango.

Alisema amelitafakari ombi lake kwa kina. Katika uongozi, alisema, mtu huzungukwa na wanafiki, na mara chache sana Mungu humpa nafasi ya kuwajua watu wake. Siku ile uani aliwajua. Wengine walikula na sura za kufiwa. Wengine walizunguka nyuma ya stoo, asidhaniwe hakuwaona. Lakini mmoja alirudia sahani, akarudia tena, na uso wake ulikuwa unang'aa. Lilikuwa jasho, lakini Bwana Stoo hakuona kama ni wakati wa kulisema hilo.

"Sasa mtu kama wewe," alisema Meneja, "nikuachie uende wapi?"

Bwana Stoo alidhani hajasikia vizuri. Meneja akamwelewesha. Ombi amelikataa, ila amelikataa kwa mapenzi, wala asilichukulie vibaya. Ile nafasi moja amempa Mama Hesabu. Tawi lile linahitaji watu wenye macho makali, na huko paa likivuja atapata vitu vingi vya kupinga. Barua yake imeshatoka. Na kuhusu Bwana Stoo mwenyewe, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kutakuwa na mchuzi uani, na yeye ndiye atakayekuwa mwonjaji wa kwanza, kwa cheo kabisa: Mwenyekiti wa Kamati ya Chakula.

Bwana Stoo aliliona lile sufuria, akaiona kalamu. Ndipo alipofanya jambo ambalo hajapata kulifanya katika ofisi ile.

"Mkuu, nyama ilikuwa mbichi," alisema.

Meneja alimtazama. Kisha uso ukamlegea, macho yakamlengalenga machozi. Alisema anaelewa kabisa anachokifanya. Anataka kujitwika kosa la mwenzake ili Mama Hesabu asiadhibiwe peke yake. Watu wenye moyo wa namna hiyo wamekwisha duniani.

"Ilikuwa na damu, Mkuu. Niliimeza nzima nzima. Mimi nilikuwa nataka unisainie niende kwa mke wangu."

"Basi, basi," alisema Meneja, na akazunguka meza ili ampapase bega. "Unazidi kunionyesha kwa nini siwezi kukuacha."

Mke wa Bwana Stoo alimpigia mumewe simu jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Hakupokea. Alikuwa na ujumbe wake kwamba chumba kimepatikana, kina dirisha linalotazama shule, na seremala ameshaleta kitanda. Mtu aliyekuwa na neno tamu kwa kila chuma sasa hakuwa na hata neno chungu kwa mama wa mtoto wake. Alizima simu akaifunika kwa daftari la mita.

Mama Hesabu alipewa siku chache tu za kujiandaa. Alikwenda kwa Meneja mara moja, kumweleza juu ya mama mkwe na watoto, na akaambiwa kwamba mwajiriwa hachagui kituo. Ni kweli hachagui. Wawili katika ofisi ile walikuwa wameomba, mmoja kwenda na mmoja kubaki, na wote wawili walikuwa wamenyimwa kwa sufuria moja. Hakurudi tena kwa Meneja. Alipanga na dada yake amwangalizie mgonjwa, watoto akawaacha wamalize muhula, na akaanza kufunga vitu vyake.

Bwana Stoo alimkuta chumbani kwake ofisini, anatia vikombe vyake katika boksi la koki. Yeye alikuwa amebeba kifurushi, sweta dogo la bluu la mtoto wake. Alilinunua kwa kukisia kimo, kwa sababu kwenye simu watoto wote wana kimo kimoja. Alisimama mlangoni. Alitegemea kutukanwa, na alikuwa amejiandaa kwa matusi. Angetukanwa angepata nafuu. Mama Hesabu aliendelea kufunga vikombe kwa magazeti, kimoja kimoja, na hakumtazama mpaka cha mwisho.

Alimwambia alete hicho kifurushi. Akasema nyumba ya mwalimu haitamshinda kuipata katika mji mdogo vile, na kwamba mtoto atambeba hata kabla hajafungua mizigo yake, maana mtoto hana kosa.

Bwana Stoo alishukuru. Alianza kusema jinsi alivyo dada wa kipekee, jinsi ambavyo ofisi haitapata tena mtu kama yeye, na maneno yakawa yanatoka yenyewe, laini, kama kawaida yao. Mama Hesabu aliinua mkono kumkatiza.

"Hayo mpelekee Meneja," alisema. "Mimi niambie jambo moja. Mkeo atanifungulia mlango akidhani ni wewe. Ataniuliza mume wangu yuko wapi. Nimwambie nini?"

Nje, pampu ilikuwa inanguruma, na mafundi walikuwa wanafyatua vicheko juu ya jambo fulani.

"Mwambie niliulizwa kama nyama imeiva," alisema Bwana Stoo, "nikasema imeiva."

Mama Hesabu alikiweka kile kifurushi juu kabisa kwenye begi lake, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Hilo, mdogo wangu, utamwambia mwenyewe."